Utitiri Kutoka Mlimani

Buyenzi, 12 mwezi wa tano, 2002

Mdogo wangu Amissi,

Assalaam aleykum. Sisi wa hapa mjini tu wazima, ila shemeji yako Seifu ana kikohozi kisichotaka kuhama. Yeye anasema ni moshi wa malori anayotengeneza, mimi nasema ni sigara, na ndoa yetu inaendelea hivyo hivyo. Mvua zinaelekea kuisha. Mtaa mzima umejaa tope na watoto wanaoteleza wakicheka.

Mama je? Mguu bado unamsumbua? Blanketi nililompa Hyacinthe apandishe na lori lake limefika? Hukunijibu. Mwambie Mama chumba chake nimekipaka chokaa, na njia ikitulia Hyacinthe atamshusha amekaa mbele kwa heshima, si nyuma pamoja na kabichi. Huko kwenu watu wanapigana kila siku. Bibi mwenye mguu mbovu anang'ang'ania nini?

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimefungua chupa za mbegu za uyoga ulizonitumia. Ule mtama uliotakiwa kuwa umefunikwa na nyuzi nyeupe, safi kama pamba, nimeukuta na mabaka. Nyuzi zimeliwa. Shingoni mwa chupa kulikuwa na vumbi la kahawia, nikalipuliza, na lile vumbi likaanza kutembea. Utitiri, Amissi. Nimezichoma chupa zote nikilia, kwa moshi na kwa hasira.

Tulikubaliana nini tulipoanza? Wewe utengeneze mbegu huko juu kwenye baridi, maana baridi inaulaza utitiri. Mimi nizipande huku chini kwenye joto na nivune upesi kabla haujaamka. Bwana Gélase, yule afisa kilimo aliyetufundisha sote wawili, alisema mdudu huyu hana joto lake mwenyewe kama sisi, joto la chumba ndilo joto lake. Chini ya mabati ya Buyenzi, yai linapasuka, linatoka toto la miguu sita, linapata miguu minane, linakuwa mama wa mayai mengine, na yote hayo yanachukua wiki moja na ushei. Huko kwenu mwezi hautoshi, na baridi ikizidi yai linakaa tu linangoja. Basi imekuwaje chupa kutoka mlimani ifike kwangu na mayai, watoto na mabibi kwa pamoja?

Kama kuna uchafu niambie. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wateja wetu matajiri wa Rohero hawanunui uyoga unaotembea.

Na safari hii nataka neno la Mama mwenyewe, kwa kinywa chake. "Mama anakusalimu" kila mtu anaweza kuandika.

Nakuombea salama na ukungu wenu,
Dada yako Waridi

*

Mlimani, Bugarama, 2 mwezi wa sita, 2002

Dada Waridi,

Waaleykum salaam. Barua yako imefika ikinuka mazutu ya lori, sijui Hyacinthe aliisafirisha ndani ya tangi. Tuko salama. Baridi imeanza kuuma, na asubuhi ukungu ni mzito hata ng'ombe wa jirani humwoni, unamsikia tu anakohoa kama shemeji.

Mama hajambo. Mguu ni ule ule. Blanketi limefika, anashukuru sana. Anasema usihangaike kupanda huku, njia si ya mtu mwenye akili, na yeye hashuki kabla viazi havijachimbwa. Unamjua. Na redio ile iliyosema mwezi wa kwanza kwamba senta yetu ya maduka imechomwa, nilishakuandikia kwamba ilikuza mambo. Waliopita walipita.

Juu ya chupa umeniumiza. Uchafu, mimi? Nachemsha mtama kwa mikono yangu. Nazipika chupa kwenye pipa kwa mvuke mpaka macho yanatoa machozi, na zikitoka nazifunga kwa pamba safi. Halafu nazipanga, nageuka kidogo, naona doa. Natazama kwa kile kioo cha kukuzia ulichonipa. Ijumaa nikimwona mama mmoja amevimba mayai, Ijumaa inayofuata watoto wake wameshapata miguu yote na wengine wanatafuta pa kutagia. Nachoma chupa, napaka chokaa, nanawa mpaka ngozi inachubuka. Sielewi, dada. Wallahi sielewi. Utitiri huu una haraka ambayo sijaiona tangu nianze kazi hii. Muulize Gélase, labda ni aina nyingine iliyoingia nchini na vita.

Mama amelala wakati huu ninaandika. Neno lake nitalileta mara nyingine.

Kaa na amani,
Amissi

*

Buyenzi, 25 mwezi wa sita, 2002

Amissi mdogo wangu,

Salamu na rehema zikufikie hapo ulipo. Wiki hii bunduki zimesikika upande wa Kinama, tukalala chini ya kitanda, Seifu akakohoa, nikamwambia atatuuza kwa adui. Mungu ametulinda. Kinachokufa kwangu ni uyoga tu.

Gélase alikuja. Nikamsomea maneno yako, Ijumaa kwa Ijumaa. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Madame Waridi, iyi haiwezekane. Na baridi ya kule, apana. Ao ndugu yako anakosea siku, ao iyi ni mududu ingine." Akaenda, na mimi nikabaki na mambo mawili yote siyaamini.

Basi nikafanya jaribio. Chupa moja yenye utitiri wako, maana ulinitumia nyingine, niliiweka ukutani kwangu chini ya mabati. Nyingine nilimpelekea mpishi wa yule bibi wa Kiriri anayenunua uyoga wangu, nikamwomba aiweke kwenye friji. Alinitazama sana. "Mama, we unataka mi niweke mududu mu frigo ya patron?" Nilimwachia kapu la uyoga na aibu yake ikaisha.

Baada ya muda nikazichukua zote mbili. Ya ukutani ilikuwa imekwisha, kahawia tupu, hakuna uzi mweupe hata mmoja. Ya Kiriri ilikuwa vile vile nilivyoipeleka, mama wale wale mahali pale pale, wamekunja miguu, na mayai hayajapasuka. Nikaiweka mezani kwangu. Kesho yake mama wale walikuwa wanatembea, na haukupita muda mrefu mayai yakapasuka. Kwa hiyo, bwana, si aina nyingine. Ni utitiri ule ule wa kwetu, unaofuata joto kama paka.

Sasa joto hilo unalitoa wapi? Umeziweka chupa karibu na jiko? Umejenga chumba cha mabati bila kuniambia? Kichwa kinanizunguka. Nikikuamini wewe, Gélase anakuwa mwongo na friji inakuwa mwongo. Nikiamini friji, wewe unakuwa nani?

Neno la Mama hukulileta. Basi nakurahisishia. Muulize jina alilokuwa akiniita nilipougua surua, wewe hujazaliwa. Ni jina moja tu. Atacheka ukimuuliza. Uliandike, unitumie.

Nangoja,
Waridi

*

Mlimani, Bugarama, 20 mwezi wa saba, 2002

Dada,

Salaam nyingi. Nisamehe kuchelewa, malori yalizuiwa. Sisi wazima.

Ndiyo, ni jiko. Nilikuwa nimeziweka chupa karibu na jiko. Umepata jibu lako.

Mama ana mafua, sikutaka kumsumbua na maswali ya zamani. Blanketi usitume tena, yapo ya kutosha, wape wanaohitaji.

Lakini nikuambie kitu kinachonitoa akili, kwa sababu hapa sina mwenzangu wa kumwambia mambo ya uyoga. Nimezihamisha chupa, nimeziweka mbali kabisa na moto, na hakuna kilichobadilika. Alfajiri nikiamka kuswali nautazama utitiri kwa kioo, na unatembea. Saa ile ile ya alfajiri, Waridi, unatembea kama mchana. Mwambie Gélase. Labda yeye atajua dawa.

Amissi wako

*

Buyenzi, 4 mwezi wa nane, 2002

Amissi,

Salamu za Mungu ziwe juu yako. Shemeji yako hajambo, mimi sijambo, na habari nyingine za nyumbani utanisamehe leo.

Wewe hupo huko mlimani.

Mimi nimezaliwa huko. Ninajua alfajiri ya huko. Maji ya udhu yanang'ata, vidole havikunjiki, baba alikuwa anatia udhu huku akinung'unika na Mama anamwambia amwogope Mungu. Jiko la jana limeshakuwa majivu. Kwa baridi ile utitiri unakunja miguu, nimeuona kwa macho yangu ndani ya chupa ya Kiriri. Utitiri wako unatembea alfajiri. Na Ijumaa kwa Ijumaa unakuwa na wajukuu, katika miezi hii ya kiangazi ambapo kwetu watu wanalala na nguo zote walizo nazo. Sasa mahali pa utitiri kufanya hivyo ni huku chini tu, ambako joto halilali.

Ukungu umeweza kuutunga, na ng'ombe wa jirani umemtungia kikohozi. Kuhusu kazi yako ukashindwa kudanganya. Nimekasirika na hapo hapo nimetaka kucheka, sijui lipi lilitangulia.

Nilimfuata Hyacinthe sokoni akishusha karoti. Nikamwambia, "Barua hizi unazichukua wapi?" Akasema, "Mi apana jua, mama. Mi nabeba tu." Nikamwambia ataapa. Akavua kofia. "Usiniapishe, mama. Uliza ndugu yako, yeye iko na mudomo." Mtu asiyejua kitu havui kofia.

Uko wapi? Na Mama yuko wapi? Kama mmekimbia na mnaona aibu, sema, nusu ya mtaa huu imekimbia kutoka mahali. Kama Mama ni mgonjwa, sema. Kama ni yeye aliyekukataza kuniambia kwa sababu anaogopa nitawafuata, sema, nitamgombeza mwenyewe. Nimewaza kila kitu, na kila ninachowaza kinapingana na kingine. Mkiwa chini, kwa nini hakuja kwangu? Kama hakuweza kuja, kwa nini unaandika hajambo? Seifu ananiambia nile. Siwezi kula.

Jina nililokuuliza hukuliandika.

Waridi

*

Carama, 15 mwezi wa nane, 2002

Dada yangu Waridi,

Waaleykum salaam. Sina habari za kutanguliza, habari zote ziko ndani ya hii moja.

Niko Carama. Nimepanga chumba cha mabati kwa mzee mmoja anaitwa Callixte, kule mwisho ambako nyumba zinaisha na mashamba ya mihogo yanaanza. Kutoka hapa hadi kwako ni mwendo wa asubuhi moja, kama njia ingekuwa wazi. Niko hapa tangu mwezi wa kwanza. Hyacinthe anasimama nampa barua, anakuletea, na mimi ndiye niliyemwapisha. Usimkasirikie.

Redio haikukuza kitu. Senta yetu ilichomwa siku ya soko. Tulisikia milio, kisha tukaona moshi, na ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba hatukujua moshi unaishia wapi. Mimi nilimshika Mama mkono. Yeye akautoa. Akaniambia, "We beba chupa. Bila mbegu tutakula nini uko? Miguu yangu naijua mwenyewe, mi naenda na bamama." Wanawake wa jirani walikuwa mbele yetu kidogo tu, naona migongo yao. Nikabeba kreti. Nikatoka nyuma yake, dada, nyuma yake kabisa, nasikia viatu vyake. Mahali njia inapogawanyika ukungu ukaingia katikati. Nilimwita. Watu wengi walikuwa wanaita mama zao, na wengi walikuwa wanaitika. Nilifuata sauti moja mpaka bondeni, nikamkuta ni mama wa mtu mwingine.

Nilikuja Carama kwa sababu malori yote ya kutoka juu yanapita upande huu yakiingia mjini. Kila asubuhi nasimama barabarani, nauliza wanaoshuka. Mmoja alimwona Bukeye, akiuza mboga, mzima. Mwingine anaapa yuko Gitega kwa Waswahili wenzetu. Mwanamke mmoja alisema amemwona kambini na nguo ya kijani, na Mama hana nguo ya kijani. Nikiamini wote, Mama wetu yuko mahali patatu.

Ilipofika siku ya kukuandikia niliandika ukweli, nikaupasua. Nikiandika "sijui alipo" ni kama nimesema hayupo. Nikaandika "hajambo", nikajiambia kabla ya barua inayofuata nitakuwa nimempata, na itakuwa kweli. Barua inayofuata ikafika, na nyingine. Hyacinthe akaniambia unapaka chumba chokaa. Hapo ndipo sikuweza tena.

Mbegu ndizo zilizotufikisha hapa, na joto la mabati haya limezila. Nilikuwa nakuuliza kweli, dada. Sikujua la kufanya na nilihitaji msaada wako, na sikukumbuka kwamba nikiuliza nitakuwa nimejitaja.

Jina lile silijui. Mama hakuniambia.

Usinichukie mpaka nimpate. Halafu utachagua.

Amissi

*

Buyenzi, 17 mwezi wa nane, 2002

Amissi mdogo wangu,

Amani iwe juu yako. Sitakuuliza unaendeleaje.

Seifu alitaka kuja jana hiyo hiyo barua yako ilipofika, kwa baiskeli. Wanajeshi wamefunga njia upande wa Kinama. Wamesema kesho labda. Malori yanapita bila abiria, kwa hiyo naandika na Hyacinthe atakuletea. Haya ningependa kukuambia nimekushika mkono, na wewe usingeutoa kama Mama alivyoutoa wake.

Kuna kitu nilikuficha na mimi.

Mwezi wa pili alikuja kwangu Odette, yule aliyekuwa anauza vitunguu saumu mkabala na duka la baba. Alikuwa amekonda, ametembea sana. Hakutaka kukaa. Alisema wakati watu wanakimbia yeye alijificha karibu na senta, na ukungu ulipoinuka alimkuta Mama ameegemea ukuta wa nyumba yetu. Hakupigwa risasi, Amissi. Mguu ulimshinda, akawaachia wenzake njia, akarudi nyuma kupumzika, na baridi ikamkuta pale. Waislamu wawili watatu waliobaki wakamzika nyuma ya kile kimsikiti chetu cha matofali.

Nilimwambia, "We Odette, umeona mutu mwingine." Akasema, "Mi nilichota maji ya kumuosha. Mama yako namujua."

Nikamfukuza. Nilimfukuza mwanamke aliyemchotea Mama maji, nikamwambia asirudi kwenye mlango wangu na uchuro wake. Kwa sababu wiki ile ile Hyacinthe alikuwa ameniletea barua yako, kwa mkono wako, naujua mkono wako tangu unajifunza alifu, imeandikwa Mama hajambo na mguu ni ule ule. Nikamwonyesha Seifu. Nikasema mdogo wangu yuko naye chini ya paa moja, nimwamini nani?  Seifu akaenda kununua chokaa.

Tangu hapo kila barua yako nilikuwa naisoma kwanza mahali palipoandikwa Mama. Ndiyo maana niliomba neno lake. Ndiyo maana niliuliza jina. Nilikuwa na shahidi mmoja tu duniani anayesema yu hai, na shahidi huyo ulikuwa wewe. Na wewe ulikuwa umesimama barabarani unauliza.

Sijui nikulaani au nikushukuru. Kwa nusu mwaka nimekuwa na mama kwa sababu ya uongo wako. Nimemgombeza, nimemtumia blanketi, nimemwekea akiba ya sukari. Watu wengi wa mtaa huu wangelipia kitu hicho kama kingeuzwa. Jana nilipomaliza barua yako nilikaa sakafuni, nikajikuta namtafuta wa kumkasirikia, na kila niliyemfikia alikuwa ni mtu aliyempenda Mama.

Nimemtafuta Odette. Wananiambia yuko Buterere kwa binamu yake. Nitakwenda kumwomba radhi, na wewe utakuja nami, umsikie kwa masikio yako.

Bukeye hayuko. Gitega hayuko. Nguo ya kijani ni ya mama wa mtu mwingine.

Matanga hatukuketi, tutaketi sasa, hapa kwangu, wewe na mimi, hata kama majirani watasema tumechelewa. Seifu atakuja kukuchukua njia ikifunguliwa. Lete kile kioo, na chupa zilizobaki zichome, usilete hata moja.

Na kesho asubuhi usiende barabarani. Kaa ndani, Amissi. Usimuulize mtu yeyote tena.

Dada yako,
Waridi